Betri ya "nano" ni betri gani hasa?

Ukipita Langoni, hapa Lamu, siku hizi ukaingia duka la vifaa vya sola, neno hilo hulikosi: nano. Limebandikwa kwenye taa za kuvulia, kwenye betri za umeme wa nyumbani, hata kwenye betri za pikipiki za umeme. Muuzaji akiulizwa maana yake hujibu kwa mkato: "Hii ni nano, mzee, haifi hii." Mnunuzi anaondoka nayo akiwa na maswali ya haki kabisa. Nano ni aina ya betri? Inajaa haraka kweli? Na mbona nyingine yenye neno hilohilo ilikufa kabla ya kaskazi kwisha?

Nano ni habari ya ukubwa. Inaeleza jinsi chembe zilizo ndani ya betri zilivyo ndogo, basi. Udogo huo huleta faida kubwa ukiwekwa mahali panapoufaa, na huleta hasara ya kweli ukiwekwa pasipoufaa. Lebo haikwambii ni wapi. Kwa hiyo tuanzie ndani ya seli yenyewe, yaani kile kipande kimoja kimoja kinachounda betri.

Ndani ya seli

Chukua ile seli ya duara ya tochi, nene kama kidole gumba. Ndani yake mna kitu kama jamvi lililokunjwa: utepe mrefu wa shaba, mwembamba kiasi cha mikromita 10 (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), utepe wa alumini mnene kidogo kuliko huo, na katikati yao karatasi ya plastiki yenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Vyote vimelowa majimaji yenye chumvi ya lithiamu, na majimaji hayo yanashika moto.

Tepe zote mbili zimepakwa lipu nyeusi pande zote. Lipu ya kwenye shaba ni grafiti, jamaa ya ile ya kalamu ya risasi. Huo ndio upande hasi, anodi. Lipu ya kwenye alumini ni upande chanya, katodi, na hutengenezwa kwa oksidi za kobalti, nikeli na manganizi, au kwa fosfeti ya chuma na lithiamu, ile ambayo mafundi huiita LFP. Anodi na katodi kwa pamoja huitwa elektrodi. Ukiiweka lipu hiyo chini ya hadubini utaona ni chembechembe nyingi zilizoshikanishwa kwa gundi kidogo, na katikati yake masizi ya kupitisha umeme.

Betri haitengenezi umeme. Kazi yake ni kuhamisha lithiamu. Unapochaji, ioni za lithiamu, yaani lithiamu iliyopungukiwa elektroni moja, hutoka ndani ya chembe za katodi, zikaogelea kwenye majimaji, zikajipenyeza ndani ya chembe za grafiti. Elektroni zake haziwezi kupita majini, hivyo huzunguka njia ya nje, kwenye waya. Unapowasha taa, safari inageuka: ioni zinarudi zilikotoka, na elektroni zinarudi kwa njia ya waya zikipitia kwenye taa yako.

Watatu waliofungua njia hii ni Stanley Whittingham katika miaka ya 1970, John Goodenough aliyeleta katodi ya kobalti mwaka 1980, na Akira Yoshino wa Japani aliyeunda seli salama yenye anodi ya kaboni mwaka 1985. Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991, na watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019.

Sasa ukubwa. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa mtu una upana wa kiasi cha nanomita 80,000. Chembe ya grafiti ya kawaida ina nanomita 10,000 hadi 20,000. Wanasayansi huita kitu nano kikiwa chini ya nanomita 100, ingawa katika biashara ya betri hata chembe za nanomita mia mbili hadi mia tatu hupewa jina hilo.

Mgeni katika vichochoro vya Mkomani

Kwenye majimaji ioni husafiri upesi. Kazi iko inapoingia ndani ya chembe ngumu, kwa sababu humo haina barabara iliyonyooka, inaruka kutoka kijitundu hadi kijitundu bila kujua inakokwenda.

Mfikirie mgeni aliyeshuka gatini leo akaingia vichochoro vya mtaa wa Mkomani bila mwenyeji. Kila kona anakata kulia, kushoto, au anarudi alikotoka, kwa kubahatisha. Ili afike umbali wa kona 10 kutoka alipoanzia, kwa wastani atapita kona 100. Ili afike kona 20, atapita 400. Umbali ukiongezeka mara mbili, muda unaongezeka mara nne. Ukiongezeka mara kumi, muda unaongezeka mara mia.

Igeuze hesabu hiyo uone nguvu ya udogo. Chembe ya mikromita 10 ukiisaga hadi nanomita 100, njia ya ioni imefupishwa mara 100, na muda wa kuipita umepungua mara 10,000. Katika betri, hiyo ndiyo siri ya kasi ya nano. Hakuna dawa mpya iliyotiwa, njia tu imefupishwa.

Mfano mkubwa wa faida hii ni LFP. Ilitangazwa mwaka 1997 na kundi la Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas. Chuma ni rahisi kupatikana kuliko kobalti, na fosfeti hushikilia oksijeni yake hata betri inapopata joto, hivyo haiwaki upesi kama ndugu zake. Lakini ilikuwa na kasoro ya kuiua kabisa: elektroni hazipiti ndani yake ila kwa shida kubwa mno, na ioni nazo zinakwenda polepole. Ukiidai umeme mwingi kwa mara moja, inakata.

Ilitibiwa kwa mambo mawili. La kwanza, chembe zilipunguzwa hadi nanomita mia moja, mia mbili hivi. La pili, kila chembe ikavikwa ngozi ya kaboni yenye unene wa nanomita chache. Njia mojawapo ya kuivika ni ya kupendeza kwa urahisi wake: unga wa LFP huchanganywa na sukari, kisha hupashwa moto wa kiasi cha nyuzi 700 mahali pasipo hewa ya oksijeni. Sukari inaungua inabaki kaboni tupu, na elektroni zinapata njia ya kupita juu ya kila chembe.

Hapo utaona jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui. Karibu kila betri ya LFP iliyoko sokoni ina chembe ndogo za namna hiyo, liwe neno nano limeandikwa au halikuandikwa. Bila hivyo isingefanya kazi. Kuandika nano juu ya LFP ni kama kuandika "ina unga" juu ya mkate wa mofa.

Muhogo mdogo hunywa mafuta

Kama udogo ni mzuri hivyo, kwa nini visisagwe vyote? Jibu liko jikoni.

Chonga kipande cha muhogo chenye pande sawa, sentimita 6 kila upande. Uso wake wote una sentimita za mraba 216. Sasa kikate vipande vya sentimita moja moja. Utapata vipande 216, kila kimoja kina uso wa sentimita za mraba 6, jumla 1,296. Muhogo ni uleule, haukuongezeka hata punje, lakini uso umekuwa mara sita. Vitie kwenye karai la mafuta: vitaiva haraka sana, na vitakunywa mafuta mengi kuliko kile kipande kizima. Chembe ya mikromita 10 ikisagwa hadi nanomita 100, uso unakuwa mara 100.

Katika betri, kila uso una gharama yake, na gharama kubwa zaidi ni ukoko.

Siku seli inapochajiwa kwa mara ya kwanza kiwandani, majimaji yanayogusa anodi huchacha na kuvunjika, yakaacha utando mwembamba juu ya kila chembe ya grafiti. Utando huo tuuite ukoko, kwa sababu unafanana mno na ukoko wa wali. Una faida: ukishashika, unazuia majimaji yaliyobaki yasiendelee kuvunjika, huku ukiruhusu ioni zipite. Lakini umetengenezwa kwa lithiamu ileile uliyoilipia. Kwenye grafiti ya kawaida, ukoko wa kwanza hula kiasi cha asilimia 5 hadi 10 ya lithiamu yote, na hiyo hairudi tena.

Pika ratili moja ya mchele kwenye sufuria moja, halafu ratili nyingine uigawe kwenye sufuria ndogo ishirini. Zile ishirini zitaiva upesi, lakini utabaki na ukoko mwingi na wali kidogo. Ndiyo maana grafiti haisagwi hadi nano. Watengenezaji huiacha kwenye mikromita 10 na zaidi, na huizungusha iwe kama vijiwe vya mviringo ili uso upungue. Muuzaji akikwambia betri nzima ni nano, upande wa anodi hauko hivyo, na ni heri hauko hivyo.

Kuna gharama nyingine. Unga wa nano ni mwepesi, unajaa hewa, haukubali kushindiliwa. Seli ya ukubwa uleule inabeba unga kidogo, gundi inahitajika zaidi, masizi pia. Dawa yake ni kuzikusanya chembe za nano ziwe madonge ya mikromita kadhaa, kama unga unavyofinyangwa ladu: donge ni kubwa na linashindilika, lakini ndani yake punje ni ndogo na majimaji yanapenya katikati yake. Katodi nyingi nzuri zimetengenezwa hivyo. Unga huo pia hunyonya unyevu wa hewani, na maji yakikutana na chumvi ya ndani ya seli hutoa asidi kali ya floridi. Kwa hiyo seli hufungwa katika vyumba vilivyokaushwa hewa kabisa. Hewa yetu ya pwani ingeuharibu unga huo upesi, na sababu hiyohiyo yatosha kutofungua seli iliyovimba ili kutazama ndani.

Silikoni, titani, na simu mpya

Upande wa anodi, nano imeingia kwa mlango wa silikoni. Gramu moja ya grafiti hubeba chaji ya mAh (miliampea-saa) 372. Gramu moja ya silikoni hubeba zaidi ya 3,500. Tamaa ya watafiti inaeleweka. Shida ni kwamba silikoni ikishiba lithiamu hufura, ikakaribia mara nne ya ujazo wake wa mwanzo, kisha ikitoa lithiamu inasinyaa. Chembe kubwa hupasuka kama udongo wa kinamasi uliokauka. Kila ufa ni uso mpya, kila uso mpya unataka ukoko mpya, na baada ya siku chache lithiamu imeishia kwenye ukoko.

Hapa udogo unaokoa kwa njia tofauti na ile ya kasi. Mwaka 2008 kundi la Yi Cui wa Stanford lilionyesha kwamba nyuzi za silikoni za ukubwa wa nano hufura na kusinyaa bila kukatika. Baadaye, mwaka 2012, ikapimwa kwamba chembe iliyo chini ya nanomita 150 hivi haipasuki. Simu mpya, hasa za kampuni za China, zinazotangazwa kuwa na betri ya silikoni na kaboni zinatumia ujuzi huu: silikoni ndogo sana imefichwa ndani ya kaboni yenye vinafasi, ili ifure bila kusukuma kuta. Faida utakayoiona ni simu nyembamba yenye chaji nyingi. Kuishi miaka mingi zaidi ni jambo jingine, wala usilitarajie kwa sababu ya silikoni peke yake.

Titani ni kinyume chake. Anodi ya oksidi ya titani na lithiamu hufanya kazi kwenye volti ambayo ukoko karibu hauundwi, na kufura kwake hakufiki hata asilimia moja. Basi inaweza kusagwa nano bila adhabu, ikajaa kwa dakika chache na kudumu kwa maelfu mengi ya mizunguko ya kujaa na kuisha. Bei yake ni kwamba seli ina volti 2.4 tu, na kilo moja hubeba karibu nusu ya umeme wa betri nyingine. (Madini ya titani ndiyo yaliyokuwa yakichimbwa mchangani kule Kwale hadi mwisho wa 2024. Mengi ya madini hayo duniani huishia kwenye rangi nyeupe ya kupaka kuta.)

Maneno ya madukani

"Inajaa dakika tano." Chukua betri ya pikipiki ya volti 72 na ampea-saa 40. Inabeba kiasi cha wati-saa 2,880. Kuijaza kwa dakika tano kunataka wati 34,000 na zaidi. Soketi ya nyumbani ya ampea 13 kwa volti 240 haitoi zaidi ya wati 3,100 hivi. Hata chembe zingekuwa ndogo kiasi gani, soketi hiyo itachukua karibu saa nzima. Tena katodi ya nano haiiondolei grafiti hatari yake: ioni zikisukumwa kwa haraka kuliko grafiti inavyoweza kumeza, lithiamu hujipaka juu yake kama chuma, ikaota miiba, na siku moja mwiba huo hutoboa ile plastiki ya katikati.

"Betri ya grafini." Grafini ni kaboni iliyo utando mwembamba mno. Nyingi za pikipiki na baiskeli za umeme zinazouzwa kwa jina hilo ni betri za risasi na asidi zilizotiwa kaboni kidogo. Si lithiamu. Zinyanyue: betri ya namna hiyo ya volti 72 na ampea-saa 20 ina uzito wa kilo 40 hivi, na ya LFP ya kiasi hichohicho huwa kilo 15 hivi.

"mAh 9,900" juu ya seli ya tochi, ile ya milimita 18 kwa 65. Seli nzuri za ukubwa huo hubeba 2,500 hadi 3,500 na huwa na uzito wa gramu 45 hivi. Hakuna nano inayoweza kufikisha 9,900 ndani ya kopo lile. Ukiona namba hiyo, rudisha.

Na lile la kwamba lazima betri iishe kabisa kabla ya kuchajiwa lilitoka kwenye betri za kale za nikeli na kadimiamu. Lithiamu huchoka zaidi ikimalizwa kabisa.

Mambo ya kuuliza, na mambo ya hewa yetu

Badala ya kuuliza kama ni nano, uliza: ni LFP au si LFP? Seli ngapi zimefuatana? Pakiti ya LFP inayoitwa "ya volti 12" ina seli 4, volti 12.8, na chaja yake hufika 14.6. Pakiti ya nikeli au kobalti ina seli 3, volti 11.1, na chaja yake isizidi 12.6. Ukiichaji hii ya pili kwa chaja ya kwanza, kila seli itasukumwa kuelekea volti 4.87 wakati mwisho wake ni 4.2. Kinga yake ya ndani, BMS, ikifanya kazi itakata. Ikiwa mbovu, unachaji moto.

LFP ina tabia inayowachanganya hata mafundi. Volti zake hazishuki polepole. Sehemu kubwa ya chaji hukaa kati ya volti 13.0 na 13.3, kisha mwishoni inaanguka ghafla. Mwenye taa akiona 13.1 hudhani betri imejaa, kumbe imefika katikati au chini yake, na usiku wa manane inakata. Haijaibiwa chaji. Ndani ya chembe, sehemu yenye lithiamu na sehemu isiyo na lithiamu hukaa bega kwa bega, na volti haibadiliki mpaka moja iishe. Kwa LFP, tumia kipimo kinachohesabu ampea-saa zinazoingia na kutoka. Usitegemee volti.

Joto ndilo adui mkubwa zaidi kwetu. Kama kanuni ya kukadiria, kila nyuzi 10 zinazoongezeka huharakisha uchakavu wa ndani karibu mara mbili, kwa kuwa ukoko unayeyuka na kuundwa upya, kila mara kwa lithiamu mpya. Watengenezaji wengi hawaruhusu kuchaji juu ya nyuzi 45, na chini ya bati wakati wa kaskazi, au ndani ya sanduku lililofungwa kwenye boti, nyuzi hizo zinafikiwa bila shida. Iweke chini, ukutani upande wa ndani wa nyumba ya mawe, palipo na kivuli na upepo.

Chumvi hushambulia nje, kwenye viungio. Ukiona ukungu wa kijani kwenye kichwa cha waya, hapo umeme unapita kwa taabu na pana joto. Tenga waya zote, futa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji baridi yasiyo ya chumvi, kausha, sugua kwa msasa laini, kaza skrubu barabara, ndipo upake mafuta ya mgando kwa juu. Ukipaka kabla ya kukaza, unaweka mafuta katikati ya chuma na chuma.

Pakiti iliyoanguka baharini usiichaji tena hata ikikauka na kuwasha taa. Chumvi imebaki kwenye sahani ya BMS na katikati ya seli, inapitisha umeme kidogo kidogo, na moto unaweza kuzuka baada ya siku kadhaa. Itoe nje ya nyumba na nje ya boti, iweke juu ya mchanga mbali na makuti na mafuta ya injini, na usilale nayo chumba kimoja.